Aliyeitika Kichanjani

Holualoa, Kona, Hawaii
9 Machi 1997

Dada Hatsue,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Tamiko na mumewe. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mibuni imechanua. Mteremko wote mweupe, na nyuki wana kelele mpaka barazani hatusikilizani.

Najua tumezoea kadi ya mwaka mpya na basi. Ukiona barua nene usishtuke, sijafa na wala sijaoa tena.

Ni habari ya nyumba yetu. Wale watu wa chama cha historia niliokutajia wamelinunua shamba lote, wamelitengeneza, na tangu Januari wanapokea wageni. Si makumbusho ya vitu kwenye kabati za vioo. Ni shamba linalofanya kazi. Kuna dada mmoja, Leimomi, bibi yake Mjapani na babu yake Mhawaii, anavaa nguo za shambani kama za Mama, anapika wali kwa kuni kwenye jiko lilelile, anawagawia wageni figili zilizochachushwa. Kuna punda, ndiye mfanyakazi pekee asiyelalamika. Na Jumanne na Alhamisi nipo mimi, naonyesha kuchuma, kukoboa na kuanika. Juzi mtoto mmoja alinitazama sana akamuuliza mama yake, “Huyu naye ni wa kweli?” Nikamwambia nikifutwa vumbi asubuhi nakuwa wa kweli mpaka saa kumi.

Wameirudisha ilivyokuwa kabla ya vita. Nyuma ya kabati walikuta kalenda ya Mama, ya Oktoba 1937, wakaitundika jikoni. Wageni wanadhani imewekwa kwa maonyesho. Picha yetu watoto watatu ipo sebuleni, na chini yake wameandika kwamba Sueo alifariki akiwa mdogo. Zaidi ya hapo hawajui, na mimi sikuwaambia.

Kichanja cha kuanikia buni kipo palepale, na paa lake la magurudumu linatembea juu ya reli kama zamani.

Wanataka kukualika, dada. Mtoto wa kwanza wa nyumba, yu hai. Miaka sitini karibu hujakanyaga hapa. Njoo.

Mdogo wako,
Noboru


Amakusa, Kumamoto, Japani
2 Aprili 1997

Mdogo wangu Noboru,

Nimepata barua yako na kifurushi cha kahawa. Asante. Mimi ni mzima wa kadiri. Maua ya micheri yamekwisha kupukutika kwa upepo kabla hatujayafaidi, na kifua changu hakipendi upepo huo. Kahawa nimewagawia majirani kama kila mwaka. Wanasema ni tamu. Mimi, unajua, harufu yake tu inanitosha, nafungua dirisha.

Umeandika habari ya punda, ya figili na ya goti lako. Umeandika paa la kichanja kwa mstari mmoja, kama mtu anayepita kwenye chumba chenye mgonjwa. Unaniomba nije nisimame chini ya paa lile. Umesahau ni mikono ya nani iliyolisukuma siku ile? Yangu mbele, yako nyuma. Sueo alikuwa amejibanza kule mwisho, kati ya ukuta wa banda la kinu cha kukobolea na mahali paa linapofikia, likambana hapo. Na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Miezi minne baadaye nilikuwa ndani ya meli kuja kwa Bibi, nina miaka kumi na tatu, na sanduku la Baba.

Huko wananitajaje? Kuna mtu anauliza huyu msichana mkubwa kwenye picha alikwenda wapi? Ukiulizwa unajibu nini?

Waambie wenyeji wako nashukuru kwa mwaliko, lakini siji. Na kalenda ile waitoe. Mama aliificha kwa sababu.

Jifunge kitambaa cha moto kwenye goti.

Dada yako,
Hatsue


Holualoa
20 Mei 1997

Dada Hatsue,

Natumaini kifua kimepata nafuu. Mimi goti limepata nafuu ila usingizi umekimbia, na kwa hilo sina dawa. Buni changa zimeanza kutokeza, za kijani, ngumu. Mvua za alasiri zimerudi, kila siku saa nane wingu linateremka mlimani kama mtu anayekuja kazini.

Ulichouliza ni haki yako. Wageni wakiuliza, nasema dada yangu aliolewa Japani. Si uongo. Lakini hakuna anayekutaja vibaya hapa, kwa kuwa wote waliojua wamekufa, nimebaki mimi.

Kalenda nimeitoa. Leimomi alinuna siku mbili.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Mwanzoni, nilipokuwa nawaonyesha kazi, niliwasimulia ile kanuni ya Baba: wingu likishuka, kabla ya kusukuma paa, mkubwa anaita majina, kila mtoto anaitika “Nipo!” Niliwaambia hiyo tu. Wakaipenda. Wakifika watoto wa shule, Leimomi huchagua watatu, mmoja anakuwa wewe, mmoja mimi, mmoja Sueo. Anaita, “Hatsue!” “Nipo!” “Noboru!” “Nipo!” “Sueo!” “Nipo!” Kisha wanasukuma wakicheka. Mimi wakati huo huwa nina kazi upande wa punda.

Wiki tatu zilizopita walikuja watoto wawili tu na bibi yao. Leimomi aliita majina matatu kwa mazoea. Wakaitika watatu. Jioni akaniambia, “Mjomba, nyumba yenu ina mtoto mwenye adabu, anaitika bila kufundishwa.” Alidhani mtoto wa mgeni mwingine alikuwa nyuma ya banda. Nikamwambia bila shaka. Mvua iliyofuata akaita tena hali amesimama peke yake na mzee mmoja wa kutoka bara. Alikuja kunitafuta mwenyewe kwa punda, hana rangi usoni. “Mjomba, ni nani yule?”

Alhamisi iliyopita nilisimama. Nikaisikia, dada. Sauti ndogo, mara moja tu, kutoka mwisho wa kichanja.

Niambie nifanye nini. Nimemleta kasisi wa hekaluni, amesoma, amefukiza ubani, amekunywa chai akaenda zake. Juzi ikaitika tena.

Mdogo wako,
Noboru


Amakusa
11 Juni 1997

Noboru,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo. Kunanyesha.

Nakuuliza neno moja, na sitaliuliza mara ya pili. Umesema umeisikia. Ulikuwa na Sueo kutwa kucha, mkilala mkeka mmoja. Ilikuwa sauti ya nani?

Dada yako,
Hatsue


Holualoa
4 Julai 1997

Dada yangu Hatsue,

Salamu. Leo sikuulizi hali, sina uso wa kukuuliza. Nimeanza barua hii mara sita.

Ilikuwa sauti yangu.

Si hii ya sasa. Ile ya miaka tisa, nikiibana puani kumwigiza Sueo. Unakumbuka nilivyokuwa namwigiza mezani, Mama akicheka mpaka anaweka vijiti chini, Sueo analia, kisha naye anacheka. Nilikuwa namweza kuliko alivyojiweza mwenyewe.

Siku ile tulikuwa tunacheza kujificha, mimi na yeye. Nilimtafuta nyuma ya kinu, chini ya magunia, ndani ya pipa la kuogea. Sikumwona, nikakasirika, nikaacha kumtafuta. Wingu likashuka. Baba na Mama walikuwa juu kabisa ya shamba wakichuma, tukawasikia wanapiga kelele tufunge. Buni ya wiki nzima ilikuwa imeanikwa. Ukaja mbio ukashika mbele, nikashika nyuma. Ukaita, “Noboru!” Nikaitika. Ukaita, “Sueo!” Kimya. Ukaita tena. Matone yalikwisha kuanza, makubwa, nayasikia mpaka leo yakigonga bati. Nikawaza, huyu ananikomoa kwa kujificha, na Baba atanipiga mimi buni ikilowa. Nikabana pua. Nikasema, “Nipo!”

Ukasukuma. Nami nikasukuma, kwa nguvu zangu zote, ili tumalize.

Baba alipokuuliza, “Uliita?” ukasema, “Niliita.” Akakuuliza, “Aliitika?” Ukasema, “Aliitika.” Nilikuwa nimesimama pale na maji yananitiririka. Sikusema kitu. Nikangoja aniulize na mimi, wala hakuniuliza. Februari akakupeleka bandarini. Nilijua anakufukuza kwa kosa langu, nikakupungia mkono. Vikaja vita, Baba akafa, Mama akafa, na kila mwaka mpya nakuandikia kadi ya mnyama wa mwaka, sungura au joka.

Mama alipokuwa anakata roho aliniuliza, “Hatsue bado hajaja?” Nikamwambia yuko njiani.

Usinisamehe kwa upesi. Sijui hata kama ninaomba msamaha. Nilitaka tu uwe unajua kwamba mikono ilikuwa yako, lakini mwuaji ni mimi.

Noboru


Holualoa
25 Agosti 1997

Dada Hatsue,

Natumaini u mzima. Wiki saba sasa. Sikukuu ya wafu imepita, tumewapokea na kuwasindikiza, nimefagia makaburi ya Baba na Mama na lile dogo. Kila alasiri nakwenda kwenye sanduku la barua, karani wa posta ananitikisia kichwa tangu nikiwa mlangoni.

Buni za kwanza zimeiva. Nimemwambia Leimomi asiite majina tena. Hakuniuliza sababu.

Hata kama ni kunitukana, andika.

Mdogo wako


Amakusa
19 Septemba 1997

Mdogo wangu Noboru,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nilikuwa hospitalini, ndiyo sababu ya kimya, ingawa si sababu yote. Moyo. Daktari ni kijana, anazungumza nami kwa sauti kubwa kama ninakaa mlima wa pili. Amesema safari ya ndege niisahau. Tamiko alinisomea barua zako kitandani mpaka alipofika ile ya Julai. Akasita, nikamwambia lete, nitaisoma mwenyewe.

Nikushukuru kwa kuisema. Umeisema vizuri, hata matone uliyakumbuka. Kuna neno moja tu umekosea, na umelikosea kwa miaka sitini, na mimi nimekuacha.

Nilijua ni wewe.

Noboru, nilikulea mgongoni, na yeye nikamlea mgongoni. Ungeweza kumdanganya Mama, kwa sababu Mama alikuwa shambani kutwa. Mimi huwezi. Ulipoitika nilijua papo hapo huyu ni Noboru na pua yake. Nikawaza, mtoto atakuwa nyumbani, amelala. Nikawaza, nikienda kutazama buni italowa, na kazi ya wiki imekwenda. Hatua kumi kufika mwisho wa kichanja. Sikuzipiga. Nikajifanya nimesikia nilichotaka kusikia, nikasukuma.

Kwa hiyo Baba aliponiuliza kama aliitika, nilimtazama usoni nikadanganya. Wewe ulidhani nasema ninachokiamini. Maskini wewe.

Na jambo la pili. Baba hakunifukuza. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimfuata kwenye kinu nikamwambia anipeleke kwa Bibi. Alikataa, akalia, sijapata kumwona akilia kabla wala baadaye. Nikaomba tena kila siku mpaka akachoka. Nilikuwa siwezi kula nikikuona ng'ambo ya meza. Siku nyingine nilitaka kukukumbatia, siku nyingine nilitaka kukusema mbele yao wote wakupige. Nilijua nikikaa nitasema, na nikisema wewe peke yako utakuwa na kosa, maana langu hakuna aliyelijua. Nikaona afadhali bahari. Nilikupenda na nilikuchukia, Noboru, na vyote viwili vilikaa nami hapa Amakusa kama wapangaji.

Sasa nakutuma kazi. Mimi miguu haitafika, utaifanya kwa niaba yetu wote wawili. Siku buni imeanikwa na wingu linashuka, uite wewe, usimwachie mgeni. Uniite. Ujiite. Umwite Sueo. Usiitike kwa ajili ya mtu, na usimruhusu mtu aitike kwa ajili ya mtu. Asipoitika, acha paa. Zipige zile hatua kumi ukatazame kwa macho yako. Buni na ilowe.

Kisha unikaangie hiyo iliyolowa, uniletee. Ndiyo nitakayoinywa.

Dada yako,
Hatsue


Holualoa
30 Oktoba 1997

Dada yangu Hatsue,

Natumaini moyo unatulia na kwamba yule daktari amepunguza sauti. Mimi ni mzima, na nimelala siku tatu mfululizo kama mtoto.

Nilingoja mwezi mzima. Anga ilikuwa kavu kwa ukaidi, Leimomi akifurahi, mimi nikitazama juu kama mwendawazimu. Jumanne ya wiki iliyopita kichanja kilikuwa kimejaa pembe hadi pembe, buni ya siku nne, karibu kukauka, nzuri kuliko zote za msimu huu. Wageni kama ishirini. Saa nane likaja.

Nikawaambia wote wasimame mbali na wanyamaze. Nikashika mbele, mahali pako. Nikaita, “Hatsue!” Kimya. Nikasema kwa sauti, “Yuko Amakusa.” Nikaita, “Noboru!” Nikaitika, “Nipo!” kwa sauti hii hii ya mzee. Nikaita, “Sueo!”

Matone yakaanza kugonga bati, moja moja. Nikaita mara ya pili. Hakuna aliyeitika, dada. Hata ile sauti. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili, haikuitika.

“Mjomba, kahawa!” Leimomi akapiga kelele. “Mjomba, inalowa!” Mgeni mmoja, mtu mkubwa, ana nia njema, akarukia paa kulisukuma. Nikamwambia, “Weka mikono yako chini!” Sijapata kumfokea mgeni. Akaiweka.

Nikazipiga zile hatua. Ni kumi na mbili kwa miguu hii ya kizee. Mvua ilikuwa imeshashika, buni zinarukaruka kwenye mbao. Kule mwisho nikapiga magoti yote mawili, hata lile bovu, nikaingiza kichwa, kisha nikaingiza mkono nikapapasa mpaka ukutani. Pana majani makavu na utando wa buibui. Padogo, dada. Miaka yote nilikuwa napakumbuka pakubwa, mahali ambapo mtu angeweza kugeuka akatoka. Hapana. Nikalia pale pale, magoti yamo matopeni, na watu ishirini wananiona, na sikuona haya.

Nikarudi, nikasukuma paa. Leimomi akashika nyuma. Tulilisukuma polepole sana, hatua kwa hatua, mpaka likagusa ukuta.

Buni imeharibika yote. Jioni Leimomi akaniletea chai, akaniuliza, “Sueo alikufaje, Mjomba?” Nikamwambia. Nilimwambia langu na lako, usikasirike. Sasa amepiga marufuku watoto kucheza kuitika. Mtu yeyote atakayesukuma paa lile anakwenda kwanza mwisho kutazama, mvua inyeshe au isinyeshe.

Kahawa uliyoagiza imo ndani ya kifurushi hiki. Nimeikaanga mwenyewe. Ina ladha ya ukungu na ya gunia bichi. Nimekunywa kikombe kizima, kikombe kingine nimekimwaga kaburini kwa Sueo. Chako ukinywe taratibu, fungua dirisha ukipenda.

Hakuwamo, dada. Nimetazama kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Hakuwamo.

Mdogo wako,
Noboru